Tusiite Chongo Kengeza: Majina ya Maradhi ya Macho na Gharama ya Kuyakosea

Wahenga walinena kwamba ukipenda chongo huita kengeza. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsuta aliyezama katika huba hata akawa haoni ila za ampendaye. Leo nataka niichukue kwa maana yake ya waziwazi kabisa, maana ya macho yenyewe. Mwenye chongo ni mtu aliyekwisha kupofuka jicho moja. Mwenye kengeza ana macho mawili, ila hayatazami upande mmoja. Wa kwanza amepoteza. Wa pili, akiwahiwa, huokolewa. Kwa hiyo anayelipa gonjwa moja jina la jingine hakosei lugha tu, bali anaweza kumpoteza mgonjwa njia ya kwenda kwa tabibu.

Nalisema hili kwa sababu nimelishuhudia. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na baada ya kustaafu hakuna asubuhi iliyopita bila yeye kusoma gazeti. Ilifika siku akaanza kujigonga mabega kwenye miimo ya milango. Mara akamwaga chai kwa kukisukuma kwa kiwiko kikombe ambacho hakukiona kando ya sahani. Mara akapitwa na jirani aliyemsalimu kutoka ubavuni, akadhaniwa kuwa ana majivuno. Maadamu aliendelea kusoma gazeti lake, hata maandishi madogo madogo ya matangazo, sote tulisema macho ni mazima, huu ni uzee tu. Jicho la kushoto lilipoanza kufifia, watu wakasema ni mtoto wa jicho, na kwamba yafaa aachwe akomae ndipo atolewe. Nami, niliyekuwa tayari nafundisha isimu chuoni, nikaafiki. Sikuwa na jina jingine.

Tukangoja miaka miwili na ushei. Tulipomfikisha mzee kwa daktari wa macho, tuliambiwa kwamba hapakuwa na mtoto wa kutolewa. Ilikuwa glakoma, na kilichokwisha kupotea hakingerudi. Mzee alifariki akiwa amepofuka jicho moja, na la pili likiona kama mtu achunguliaye ndani ya mwanzi.

Tangu hapo nimekuwa nikiyatazama majina ya maradhi ya macho kwa jicho jingine. Katika makala haya ningependa tuyapitie pamoja, hasa walimu na wanafunzi, kwani nyinyi ndio mnaoipeleka lugha majumbani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka wa 2019 kuhusu uoni, lilikadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 ulimwenguni wana kasoro ya kuona, na kwamba wasiopungua bilioni 1 kati yao wana kasoro ambazo zingeweza kuzuiwa au ambazo bado hazijashughulikiwa. Si haba ya hasara hiyo hutokana na kuchelewa, na mara nyingine mtu huchelewa kwa sababu jina alilopewa limemwambia angoje.

Tuanze na huyo mtoto wa jicho. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi iliyo angavu kama kioo kilichofutwa vizuri. Kazi yake ni kuupeleka mwanga sawasawa kwenye utando wa nyuma wa jicho, yaani retina. Lenzi hiyo ikiingia ukungu, ndipo husemwa mtu ana mtoto wa jicho. Sababu kubwa ni umri, ingawa kisukari, jeraha la jicho na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi pia huuleta, na wapo watoto wachanga wanaozaliwa nao. Mgonjwa huona kama anayetazama kupitia moshi. Rangi hufifia. Taa za magari usiku humpiga kiwi. Miwani aliyoagiza mwaka jana haimfai mwaka huu.

Kila lugha imeutafutia ugonjwa huu sitiari yake. Kilatini kiliuita maporomoko ya maji, kikifuata Kiarabu, ambacho kiliona kwamba ni maji yaliyoshuka ndani ya jicho. Hadi leo Waarabu huuita maji meupe, na glakoma huiita maji ya buluu. Sisi Waswahili tumechagua mtoto. Ni jina zuri, lakini lina mtego. Mtoto hukua. Mtoto hulelewa, akasubiriwa hadi apevuke. Hivyo basi jina lenyewe linamshauri mgonjwa akae nyumbani.

Ukweli ni kwamba kungoja huko kulikuwa na maana zamani tu. Wakati huo madaktari walikuwa wakiitoa lenzi yote, kisha mgonjwa akavalishwa miwani minene kama vitako vya chupa, kwa hiyo hakukuwa na haraka ya kumpasua mtu aliyekuwa bado anaona kiasi. Mambo yalibadilika baada ya daktari Mwingereza, Harold Ridley, kuweka lenzi ya bandia ndani ya jicho la mgonjwa mjini London mwaka wa 1949. Ridley alikuwa ametambua kwamba vipande vya plastiki kutoka kwenye vioo vya ndege za kivita, vilivyowaingia marubani machoni, havikukataliwa na jicho. Siku hizi lenzi yenye ukungu huondolewa kupitia tundu dogo na mahali pake pakawekwa lenzi safi ya kudumu. Mgonjwa hutiwa ganzi ya jicho tu, kazi yenyewe kwa kawaida haizidi nusu saa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Wakati wa kupasuliwa ni pale ukungu unapomzuia mtu kufanya shughuli zake, si pale mtoto anapokomaa. Tena ukungu ulioachwa mno huwa mgumu kuutoa, na unaweza hata kupandisha shinikizo ndani ya jicho. Hakuna tone, mzizi wala mwarubaini uwezao kuuyeyusha. Kwa mtoto mchanga haraka ni kubwa zaidi, kwani ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo, na jicho lililozibwa wakati huo huenda lisijifunze kamwe.

Mtego wa pili ni kwamba jina hili moja tumelibebesha mizigo mingi. Nyama inayoota kwenye weupe wa jicho na kutambaa kuelekea mboni, ambayo huwapata sana watu wanaofanya kazi kwenye jua, upepo na vumbi, nayo huitwa na wengi mtoto wa jicho. Si yeye. Nyama hiyo iko nje, yaonekana kwenye kioo cha kujitazamia, na mara nyingi haihitaji zaidi ya kofia, miwani ya jua na matone ya kulainisha. Hukatwa iwapo inakaribia kuziba mboni. Vivyo hivyo chamba, yaani doa jeupe linaloachwa na kidonda juu ya kioo cha mbele cha jicho, si mtoto wa jicho. Chamba kizito huhitaji tiba nyingine kabisa, na mara nyingine ni kupandikiziwa kioo cha jicho kutoka kwa mtu aliyefariki. Waliotutangulia walikuwa na neno hilo, chamba, nasi tumeliacha lipate kutu kamusini.

Sasa tuje kwa mwizi aliyemwibia baba yangu. Jicho hutengeneza majimaji ndani yake na kuyatoa kupitia vijia vyembamba. Vijia hivyo visipoyapitisha ipasavyo, shinikizo hupanda na kuibana neva inayochukua picha kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo. Neva hiyo hufa kidogo kidogo, ikianza na sehemu zinazotuonyesha mambo ya pembeni. Kwa hiyo mtu huendelea kusoma gazeti huku akijigonga kwenye milango. Hahisi maumivu. Jicho halina wekundu wala tongo. Wapo pia wanaougua ilhali shinikizo lao likipimwa laonekana la kawaida, ndiyo maana daktari huitazama neva yenyewe na kuupima upana wa uoni.

Ugonjwa huu hatujaupa jina lililokita mizizi. Wengine husema glakoma, wengine husema presha ya macho. Jina la pili lina faida ya kueleweka haraka, lakini nalo linapotosha. Msikiaji hudhani ni presha ile ile ya damu, akajisemea kwamba maadamu amepimwa mkono na kuambiwa presha iko sawa, basi macho nayo ni salama. Haya ni mambo mawili mbalimbali. Mimi ningependelea glakoma, neno geni lakini lisilo na udanganyifu, hadi tutakapokubaliana juu ya jingine.

Tiba ya glakoma hailengi kurudisha kilichopotea. Inalenga kukilinda kilichobaki. Walio wengi hupewa matone ya kutia kila siku, maisha yao yote. Hapa ndipo wengi huanguka, kwani hawaoni nafuu yoyote, wakadhani dawa haifanyi kazi na kuiacha. Dawa inafanya kazi kama kesho utaona kama unavyoona leo. Wengine hutibiwa kwa mwanga wa leza, na wengine hupasuliwa ili majimaji yapate njia mpya ya kutokea. Ipo pia aina adimu zaidi inayokuja kwa ghafula: jicho huuma vibaya, likawa jekundu, taa zikaonekana zimezungukwa na duara za rangi, na mgonjwa akatapika. Huyo asilale nyumbani. Ni wa kupelekwa hospitalini saa hiyo hiyo.

Watu wenye asili ya Kiafrika hupatwa na glakoma zaidi na mapema zaidi kuliko wengi wengineo, na hatari huongezeka kwa waliopita miaka 40 na kwa mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja ameugua. Kadhalika anayeugua kisukari yafaa achunguzwe retina yake kila mwaka, hata kama anaona vizuri, kwa kuwa vijishipa vya nyuma ya jicho huweza kuvuja damu kabla hajatambua lolote. Hilo nalo hutibika kwa leza au sindano likigunduliwa mapema.

Yako maradhi yasiyojificha. Mapema mwaka wa 2024 wakazi wa Pwani ya Kenya na wenzao wa Dar es Salaam walikumbwa na mlipuko wa macho mekundu. Magonjwa ya namna hii huenea mbio hata yakajipatia majina ya kimzaha. Mlipuko wa mwaka wa 1969 uliotokea Ghana uliitwa Apollo, kwa sababu ulizuka wakati binadamu alipokuwa akienda mwezini kwa chombo cha jina hilo, na jina likasafiri na ugonjwa kutoka nchi hadi nchi barani. Macho mekundu yaletwayo na virusi kwa kawaida hupona yenyewe kwa wiki moja au mbili. La muhimu ni kunawa mikono, kutoshiriki taulo wala mto, na mwanafunzi kukaa nyumbani hadi apone. Yakitoa usaha mzito, huenda ni bakteria, na daktari atatoa matone ya antibaiotiki. Yakiwasha mno na kurudi kila msimu wa vumbi, kama yafanyavyo kwa watoto wengi wa shule, huenda ni mzio, na wala hayaambukizi. Kile kiuvimbe cha ukingoni mwa kope tukiitacho chokea hupungua kwa kukandwa mara kwa mara kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu. Kisitumbuliwe kwa kucha.

Waona basi kwamba wekundu ni dalili, si jina la ugonjwa mmoja. Hili lina uzito kwa sababu ya mazoea yetu ya kwenda kwenye duka la dawa na kusema, "Nipe dawa ya macho." Hakuna kitu kiitwacho dawa ya macho, kama vile hakuna kitu kiitwacho dawa ya tumbo. Baadhi ya matone hayo yana steroidi. Hutuliza wekundu upesi, mgonjwa akayapenda, akayatumia miezi na miezi, na mwishowe yakamzulia glakoma na mtoto wa jicho kwa pamoja. Ama wale wanaotia machoni maziwa ya mama, mkojo au majani yaliyopondwa, huishia kupata vidonda, kisha chamba. Wekundu ulioandamana na maumivu makali, uoni kufifia au kuudhika kwa mwanga si wa duka la dawa. Ni wa kliniki ya macho.

Katika maeneo makavu ya nchi yetu, kama vile Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Narok na Kajiado, kuna adui mwingine, trakoma, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita vikope. Ni bakteria wanaosambazwa kwa mikono, vitambaa na nzi wanaotua kwenye nyuso za watoto. Mtoto akiambukizwa tena na tena, upande wa ndani wa kope huingia makovu, na baada ya miaka kope hujikunja, malaika zake zikawa zinalikwaruza jicho kila anapopepesa, hadi likapofuka. Neno vikope laeleza vyema, kwani latupeleka moja kwa moja mahali penye kidonda. Tiba ni nne zinazokwenda pamoja: upasuaji wa kuzigeuza kope, antibaiotiki kwa jamii nzima, uso safi, na mazingira yenye maji na vyoo. Oman ilithibitishwa mwaka wa 2012 kuwa imeikomesha trakoma kama tatizo la afya ya umma, Ghana ikafuata mwaka wa 2018 na Malawi mwaka wa 2022. Haishindikani.

Sasa naingia darasani. Walimu wenzangu, hapa ndipo kuna jina lililo baya kuliko yote, nalo ni mzembe. Yuko mwanafunzi asiyenakili kilicho ubaoni. Huyo hukunja uso, huinuka kila mara, humwuliza jirani yake, huegemeza kichwa upande mmoja, hukisogeza kitabu hadi puani, na jioni hulalamika kichwa chamuuma. Tunaandika katika ripoti yake kwamba hana bidii. Pengine haoni mbali, basi. Tiba yake ni miwani, kitu chepesi kuliko vyote nilivyovitaja. Na wale wasemao kwamba miwani huharibu macho ya mtoto wanakosea. Miwani aliyopimiwa sawasawa haiharibu jicho, bali kumnyima ndiko kunakomharibia masomo. Tahadhari tu asivae ya kuazima, na sisi tuliopita miaka 40, tunaonunua miwani ya kusomea barabarani, tukumbuke kwamba muuzaji hakutupima glakoma.

Mwalimu aweza kupima. Chati ya herufi ikitundikwa umbali wa mita 6 penye mwanga mzuri, kila jicho likipimwa peke yake na jingine likifunikwa kwa kiganja bila kulibonyeza, atawatambua wenye haja ya kupelekwa kliniki. Katika kaunti ya Trans-Nzoia, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulihusisha shule 50 za msingi ambamo walimu ndio waliowapima wanafunzi. Palipotumika simu ya mkononi kupimia, kuwaonyesha wazazi jinsi mtoto anavyoona na kuwatumia ujumbe wa kuwakumbusha, watoto waliofika hospitalini walikuwa zaidi ya maradufu ya wale waliopewa barua ya kawaida. Walioonyeshwa hali ya mtoto wao hawakukaa kitako.

Kuhusu makengeza, nayo si ya kuchekwa wala ya kungojwa yapite yenyewe. Jicho lisilotazama sawa hupuuzwa na ubongo, likazoea uvivu. Likiwahiwa katika umri mdogo, hasa kabla ya miaka 7 hivi, huweza kuokolewa kwa miwani, kwa kuliziba lile zima saa kadhaa kila siku ili hili lifanye kazi, au kwa upasuaji. Na ukiona weupe unaong'aa ndani ya mboni ya mtoto, labda katika picha aliyopigwa, usiseme ni mtoto wa jicho ukangoja. Huenda ikawa saratani ya jicho, na hapo kuwahi huokoa si jicho tu bali uhai.

Hospitali zenye utaalamu tunazo: Kikuyu, Sabatia kule Vihiga, Kwale kwa watu wa Pwani, Loresho jijini Nairobi, mbali na kliniki za macho katika hospitali za kaunti. Na kwa asiyeokolewa na tiba, kupofuka si mwisho wa elimu. Shule ya Vipofu ya Thika imekuwa ikilithibitisha hilo tangu mwaka wa 1946.

Wanafunzi, nina ombi dogo kwenu. Mkienda nyumbani likizo, mwangalieni babu anayejigonga mlangoni na bibi anayetafuta sindano kwa kupapasa. Watajeni wanachougua kwa dalili zake, msikimbilie kukipa jina. Semeni, "Babu haoni ya pembeni," au, "Bibi anaona ukungu." Daktari ndiye atakayelitia jina.

Mimi mwenyewe nimepita miaka 40 na ni mwana wa aliyeugua. Kila mwaka huenda nikapimwa shinikizo la macho, nikaangaziwa neva, nikabonyeza kitufe kila nionapo kimwanga cha pembeni. Majibu ya mwaka huu yalikuwa mema. Ndugu zangu wawili bado wanasema wataenda, kwa kuwa wanasoma gazeti bila shida. Huwajibu kwamba hata mzee alikuwa akilisoma.